Uzi Usiobeba Mtu

Mtoto wa Ntambwe Modeste alizaliwa wiki saba kabla ya wakati wake, akiwa na uzito wa kilo moja na gramu mia sita, na kitu cha kwanza ambacho muuguzi alimwomba baba yake hakikuwa dawa wala damu, bali kofia. Mtoto mdogo namna ile, muuguzi alieleza, hupoteza joto lake kichwani. Mama anaweza kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, saa zote, lakini kichwa kinabaki nje. Modeste alizunguka soko lote la Kolwezi. Kofia ndogo kuliko zote aliyoipata ilimshukia mtoto hadi puani. Wakamfunga kitambaa, nacho kikawa kinalegea kila aliponyonya, hata siku ya tatu kipimajoto kikaonyesha nyuzi thelathini na tano na nusu. Muuguzi alikisoma. Alikitazama mara ya pili, na Tina, mkewe Modeste, akaanza kulia bila sauti.

Katika mtaa wa Kasulo walibaki wanawake wawili waliojua kufuma kofia ya kichwa kidogo kiasi hicho. Mmoja, Mama Jeanne, alikuwa amekwenda Tenke kwenye msiba na hakutarajiwa kabla ya juma kwisha. Wa pili alikuwa Mama Honorine, mama yake Tina, aliyejifunza krosheti ujanani katika foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake ya kampuni ya migodi, pamoja na wake wengine wa wafanyakazi waliotoka Kasai, kisha akawafundisha nusu ya wasichana wa mtaa. Lakini baridi yabisi ilikuwa imevipinda vidole vyake. Hata kijiko alikishika kwa ngumi. Alichobakiwa nacho ni sindano yake ya zamani yenye ncha ya ndoana, na maarifa.

Basi ilibidi mikono iwe ya Modeste.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu ambao mgeni asingeuona. Modeste na Honorine walikuwa Waluba wa malezi ya zamani, na mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hapokei kitu mkononi mwake. Maisha yote Honorine alikuwa amefundisha kwa kushika vidole vya mwanafunzi na kuviongoza. Mwanafunzi huyu hakuweza kumgusa. Kwa kawaida Tina ndiye aliyepeleka maneno na vitu kati yao, na sasa Tina alikuwa wodini. Modeste akaketi kwenye ngazi ya mlango, mgongo ukielekea ndani. Honorine akakaa nyuma ya pazia. Na kizingitini wakaweka beseni tupu, ili kazi ipitie humo.

Honorine alitafuta maneno. Ilionekana kwamba hajawahi kuyahitaji. Alimwambia atengeneze kitanzi, apitishe sindano, aukamate uzi kwa ndoana, autoe katikati ya kitanzi, kisha arudie, mara tano, apate mnyororo mfupi. Mnyororo ufungwe uwe pete, na humo ndani ya pete ndimo mishono ya kweli ingeanza. Uzi ulitoka katika pulova ya shule ya Tina, iliyofumuliwa na kufuliwa. Modeste, ambaye kwa miaka sita alikuwa amechimba kobalti kwa sururu na patasi, aligundua kwa aibu kwamba sindano nyepesi kama ile yaweza kumtoa mtu jasho.

Mnyororo aliupata. Pete aliipata. Lakini sindano ilikataa kuingia katika pete. Alifumua, akaanza upya, ikakataa tena. Asubuhi nzima alifanya hivyo. Alijiuliza kama kweli kuna akili ya mikono ambayo mtu huzaliwa nayo au huikosa, na kama mwanawe angelipa gharama ya baba aliyeikosa. Merdi, mwenzake wa shimoni, alipita na mkongojo wake, akasimama barabarani akitazama.

“Mama Modeste,” alisema, “ukimaliza ya mutoto, na mi utanifumia kitambaa ya kufunika televizyo.”

Majirani walicheka. Modeste naye alicheka kidogo, kisha akaiweka kazi yake katika beseni na kulisukuma nyuma bila kugeuka.

Pazia lilisogea.

“Hii ni uzi ao ni waya?” Honorine aliuliza. “Mukono yako inafanya nini kisha kutoa kitanzi?”

“Navuta, mamwenu.” Ndivyo Waluba wamwitavyo mama mkwe. “Kila kitanzi navuta mupaka inakamata.”

“Juu ya nini?” Honorine alitaka kujua sababu.

Kabla ya kuulizwa, Modeste hakuwa amejua kwamba anavuta. Mikono ilifanya yenyewe, kama ilivyofanya kila asubuhi juu ya mdomo wa shimo: funga kamba, vuta, vuta tena kwa uzito wa mwili wote, ndipo ushuke. Asubuhi moja fundo lilivutwa mara moja tu, likateleza. Ndiyo sababu Merdi alitembea kwa mkongojo.

“Juu kamba yenye kulegea inaua mutu,” alisema.

Kule ndani, sauti ya Honorine haikuwa tena ya mwalimu, na alimwita tata, yaani baba.

“Ku ile uzi hakuna mutu atashuka, tata. Ni ya kichwa ya mutoto. Uache ipumue.”

Beseni lilirudi. Modeste alifumua kazi yote. Mara hii, kila alipomaliza kitanzi, aliuzuia mkono wake usivute, na kuuzuia kulikuwa kazi ngumu kuliko kuvuta. Pete ilipofungwa, sindano iliingia. Aliukamata uzi, akautoa, akabaki na vitanzi viwili juu ya sindano. Akaukamata tena, akaupitisha katika vyote viwili. Hapo akawa na mshono mmoja. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Kisha akafuma wa pili ndani ya tundu lile lile, kama alivyoagizwa, ili duara lipanuke, na kabla ya saa kumi jioni alikuwa na kitu kilichofanana na kibakuli, kimepinda upande mmoja.

Alirudisha sindano katika beseni, akakipeleka hospitalini mbio. Kofia ilikaa. Muuguzi aliigeuza upande wenye kasoro nyuma, na asubuhi kipimajoto kilionyesha thelathini na sita na nukta saba. Tina alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Siku ya ishirini na mbili kofia iliacha alama nyekundu kwenye paji la mtoto. Modeste aliivua. Aliamini kwamba tabia yake ya zamani ilirudi katika safu za mwisho, bila yeye kujua. Aliileta hadi mlangoni, akaiweka katika beseni, akaketi mgongo ukielekea pazia, akingoja lawama.

Honorine aliipapasa safu kwa safu, kadiri vidole vyake vilivyoruhusu.

“Haina makosa,” alisema. “Ni mutoto anakomaa. Bamemupima?”

Walikuwa wamempima asubuhi ile. Kilo moja na gramu mia tisa.

“Basi leta uzi. Sasa tuanze na vitanzi saba, hapana tano.”

Modeste alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumwambia kwamba katika maisha yake watu wengi walimfundisha kukaza, na Honorine peke yake alimfundisha kulegeza. Lakini si maneno ya kumwambia mama mkwe, na huenda hata ndani ya nafsi yake hayakuwa yamekamilika. Kwa hiyo, akiwa anatazama barabara na vumbi lake, aliinamisha kichwa na kusema kwa lugha ya wazazi wao, “Twasakidila, mamwenu.” Asante.

Nyuma yake beseni lilisukumwa polepole hadi likagusa mgongo wake. Ndani yake mlikuwa na sindano ile ya zamani.