Kompyuta Iliyonisalimu Peke Yangu

Juzi nilimwona mtoto mmoja mtaani Tassia akiipungia skrini ya kompyuta mkono, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu katika saiba, yaani duka la intaneti la mtaani, yenye joto la kuivisha mayai na harufu ya mandazi ya jirani. Dada yangu Mutheu alikuwa anajifunza kuunda programu. Alitengeneza dirisha dogo lenye kisanduku na kitufe. Niliandika jina langu, nikabonyeza, nayo ikajibu: "Habari, Nduku!" Nikaamini nimepata rafiki wa maisha.

Mara stima ikapotea na kompyuta ikazimika. Iliporudi, dada alilifungua tena lile dirisha, na kisanduku kilikuwa kitupu. Nililia hadi mtaa wetu mzima wa Pipeline ukasikia.

"Imenisahau!"

"Wee, nyamaza! Ikizimika inasahau kila mtu, hata mimi niliyeiunda."

"Basi iambie iwasahau wengine wote, mimi isinisahau."

Mutheu alicheka, kisha akaliandika jina langu ndani ya programu yenyewe. Tangu hapo ilinisalimu kabla sijagusa kitu.

Sasa nimehitimu masomo yangu ya jioni ya kuunda programu, na najua kuliandika jina ndani ya programu hivyo ni kosa la wanaoanza: programu ile haingeweza kumsalimu mtu mwingine yeyote duniani. Ndivyo hasa nilivyokuwa nimeomba.