Breki za Mama Trei

Ukiingia mjini kwao ukauliza mayai ya jumla yanapatikana kwa nani, hakuna atakayehangaika kukutajia jina. Wote watakwambia: kwa Mama Trei. Alianza na baiskeli na trei nne zilizofungwa kwa mpira, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akanunua pikapu ya mtumba yenye turubai la bluu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akienda mabandani alfajiri, na kufika saa nne asubuhi maduka yote, hoteli mbili na jiko la hospitali vyote vilikuwa vimeshapata mzigo wake.

Kazi aliijua. Kasoro yake ilikuwa mguu wa kulia. Mguu ule haukujua katikati: ama mafuta hadi chini, ama breki hadi chini. Mayai aliyafunga vizuri, kwa hiyo yalinusurika. Gari halikuwa na wa kulifunga.

Aliyejua hilo kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi mwenye gereji nyuma ya stendi. Kila baada ya miezi miwili pikapu ilikuwa kwake. Mara pedi za breki zimekwisha, mara tairi la mbele limelika upande mmoja, mara klachi inanuka kama nguo iliyounguzwa na pasi.

"Shemeji," fundi alimwambia siku moja akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, "hivi hili gari unaliendesha au unaligombeza?"

"Funga breki, fundi, acha maneno. Nina mayai yananisubiri."

Mwaka huo bima nayo ikapanda. Alipokwenda kulalamika, wakala wa bima akamweleza kwamba wapo madereva wanaopunguziwa: wale wanaokwenda siku mbili kwenye mafunzo ya juu ya udereva, ya watu ambao leseni wanayo tayari. Mama Trei alirudi nyumbani amefura.

"Nifundishwe kuendesha? Mimi? Wakati nashika usukani, huyo mtoto wa bima alikuwa anajifunza kutambaa!"

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na wala hakuinua kichwa. "Hata mkasi mzuri hunolewa," akasema.

Mama Trei akaishia kucheka. Jumatatu akaenda.

Mwalimu alikuwa mzee mpole aliyeendesha gari la wagonjwa hadi kustaafu. Hakumweka darasani. Alipanda naye kwenye pikapu, akafunga mkanda, akasema, "Haya mama, nipeleke popote." Mama Trei akaona hapa ndipo pa kuonyesha ubingwa. Akakata kona, akapita malori mawili, akasimama kwenye taa matairi yakipiga kelele. Baada ya dakika kumi mwalimu akamwomba aegeshe pembeni.

"Umeendesha miaka mingapi, mama?"

"Kumi na tisa. Na sijawahi kumgonga mtu."

"Hujamgonga mtu kwa sababu wenzako wanakukwepa."

Uso ulimwaka moto. Kama si ada aliyokwisha kulipa, angemshusha mzee wa watu palepale. Lakini mwalimu hakuwa na kejeli, alisema kama daktari anayetaja ugonjwa. "Turudi barabarani," akasema. "Safari hii, kila unachokiona, kitaje kwa sauti."

"Naona barabara."

"Barabara hata mimi naiona."

"Naona gari la mbele. Taa zake za nyuma. Bampa lake." Hakuwa na kingine.

"Unaona?" mwalimu akasema. "Macho yako yanalifuata gari la mbele kama kifaranga anavyomfuata mama yake. Likisimama, ndipo ujue kuna kusimama. Tazama mbali zaidi. Kule kwenye taa."

Akatazama. Taa ilikuwa nyekundu, mita mia tatu mbele, na mguu wake bado unakanyaga mafuta. Anakimbilia wapi? Akaachia. Pikapu ikajiendea yenyewe taratibu, na kabla hawajafika, taa ikawa kijani. Walipita bila kugusa breki kabisa. Mama Trei akamgeukia mwalimu kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani.

"Macho mbele, mama," mzee akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Siku mbili zile alijifunza mambo ambayo angeapa kuwa anayajua. Kupandisha gia mapema kabla injini haijaanza kulia. Kuondoa mguu kwenye klachi gari likishachanganya. Kupima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, siyo kuyapiga teke na kusema yako sawa. Na nafasi: gari la mbele likipita nguzo, sema "haraka haraka haina baraka" bila kukimbiza maneno. Ukiifikia nguzo hujamaliza, umelikaribia mno.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mguu wa miaka kumi na tisa haufundishiki kwa siku mbili. Waliokuwa nyuma walimpigia honi, na kwa kuwa alizoea kutaja kila kitu kwa sauti, wenye maduka walianza kuulizana kama Mama Trei siku hizi anaongea peke yake. Yeye hakujali. Alishaona kwamba tangi lililokuwa likimfikisha Alhamisi sasa linamvusha Jumamosi, na kwamba mizunguko yake bado inakwisha saa nne, kama zamani. Zile mbio zote hazikuwahi kumpa hata dakika tano.

Miezi mitano ikapita bila kukanyaga gereji. Alipopeleka gari kubadilisha oili tu, fundi alimpokea amenuna.

"Karibu shemeji. Huyo fundi wako mpya naye amesafiri?"

"Fundi gani?"

"Usinifiche. Miezi mitano bila breki? Ndugu wa mumeo unamkimbia, unapeleka pesa kwa watu baki."

"Fungua gurudumu, uangalie mwenyewe."

Fundi akafungua kwa hasira, nati zikilia chini. Akachungulia, akapangusa kwa kitambaa, akachungulia tena. Zilikuwa pedi zilezile, zenye alama ya rangi nyeupe ambayo yeye huweka kwenye kila kifaa anachofunga. Hazijafika hata nusu. Akazunguka matairi yote manne, akapitisha kiganja. Yamelika sawasawa.

"Shemeji," akasema polepole, "ukiendelea hivi, sisi tutakula nini?"

"Mayai."

Vibarua wote wa gereji wakaangua kicheko, na fundi naye akashindwa kujizuia.

Mwezi uliofuata, kwenye mteremko mrefu unaoingia mjini, Mama Trei alikuwa nyuma ya lori lililobeba mapipa matupu. "Naona lori," akajisemea. "Naona mapipa. Naona kamba... kamba inapungapunga." Akaachia mafuta, akabaki nyuma zaidi. Gari dogo lililokuwa nyuma yake likapiga honi, likampita kwa hasira, likajisokomeza katikati. Pipa la kwanza likadondoka. La pili, la tatu, yakiruka na kunguruma kama ngoma. Gari dogo lilikwepa moja, likagonga jingine, likaishia mtaroni bampa likining'inia. Mama Trei alikuwa ameshawasha taa za tahadhari na kusimama mbali, bila kukwaruza lami.

Dereva wa gari dogo alitoka mzima. Mama Trei akamkalisha kwenye ukingo wa barabara, akampa maji.

"Ulijuaje, mama?" akauliza.

"Kamba ilikuwa inaniambia. Kunywa kwanza, maneno baadaye."

Alipofungua turubai alikuta mayai mawili yamepata ufa. Hayo aliyakaanga jioni, mumewe akala na kuuliza kama kesho barabara itakuwa hivyohivyo.

Bima ilipokuja tena, ilikuwa imeshuka. Alichokuwa akikiacha gereji, kwenye pampu na kwa muuza matairi kilikuwa kinabaki mkobani, na mwaka wa pili akanunua pikapu nyingine. Akatafuta dereva. Wa kwanza aliyekuja alimsimulia kasi aliyowahi kufikia, akashukuriwa na kuagwa. Wa pili, bibi aliyewahi kuendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, hakusimulia lolote. Alirekebisha kiti, akarekebisha vioo, wakaondoka na trei arobaini nyuma.

Mama Trei alikaa upande wa abiria kumpima, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa miaka. Alipanga kutazama kila gia, kila kona. Alipofumbua macho, walikuwa wameshafika sokoni, na yule bibi alikuwa anashusha trei ya mwisho.

"Samahani mama," bibi akasema, "niliona umelala, nikaona nisikuamshe."

"Anza kesho," Mama Trei akasema, akinyoosha shingo.