Maji ya Kitambaa cha Altare

Kazi yangu kanisani ilikuwa kufua vitambaa vya altare. Kile kidogo ambacho padri huweka hostia juu yake kina sheria yake. Maji ya kwanza hayamwagwi ovyo, maana huenda imebaki chembe ya Mwili wa Bwana. Yanamwagwa nyuma ya sakristia, pasipokanyagwa. Huku juu Newala maji tunayafuata bondeni, lakini hayo sikuwahi kuyaonea uchoyo.

Parokia yetu ikafungwa. Mapadri hawatoshi, tukaambiwa, sasa nyinyi ni kigango, tawi tu la parokia ya kule chini, upande wa Masasi. Padri wa mwisho alikula hostia zote, akaacha wazi mlango wa tabernakulo, kile kisanduku zinamokaa. Nikachukua kile kitambaa kidogo kwenda kukifua. Nyumbani ndoo zilikuwa kavu, nikakiweka sandukuni.

Wiki ileile mume wangu akakataa uji. Alitaka komunyo tu. Nikamwita katekista, akampigia padri simu uani kwangu.

"Mama, padri anasema Jumamosi."

"Leo Jumanne. Jumamosi anakuja kuzika?"

"Vigango ni vingi, mama."

"Basi mletee wewe."

"Niitoe wapi? Tabernakulo ni tupu, umeona mwenyewe."

Mzee alitusikia kutoka ndani, akacheka mpaka akakohoa. "Mwambieni asihangaike na mlima. Mimi namtangulia kwa Mwenyewe."

Nikaingia. Usoni hakuwa anacheka. Alikuwa anaogopa.

Alhamisi asubuhi hata mate yalimshinda. Nikafungua sanduku, nikakiloweka kile kitambaa kwenye bakuli safi, nikachota kijiko.

"Nini hiyo?"

"Fungua mdomo."

"Ni Yeye?"

Nikasema ndiyo. Sikujua. Akameza, akafumba macho. Mchana akafa.

Tulizika Ijumaa. Jumamosi padri akaja na pikipiki, akasali kaburini, kofia ya pikipiki kwapani. Nikamwambia nataka kuungama. Ama nimegusa kisichoguswa na mikono hii ya jembe, ama nimemdanganya mtu anayekufa. Sikufika huko.

"Nikirudi, bibi. Wananisubiri kwingine."

Hajarudi. Maji yaliyobaki nimeyafunika kwa sahani. Nyuma ya sakristia siku hizi wanalala mbuzi. Kila asubuhi nafunua, naona yamepungua, nafunika tena.