Binti wa Stendi ya Mikumi Niliyempeleka kwa Mama

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Sikuota, wala sikusimuliwa na mtu.

Nilikuwa nimetoka Morogoro kununua kishikwambi, nikawa nasubiri gari la Kilosa pale stendi ya Mikumi. Sikukinunua kwa anasa. Mama yangu, anayeishi Kilosa, alikuwa akipoteza uwezo wa kuona, na lipo jambo lililomsumbua kuliko giza lenyewe: dada yake, aliyechukuliwa na mto Mkondoa ulipofurika wangali wasichana, hakuacha hata picha moja. "Macho yakienda," aliniambia mara nyingi, "na sura yake itakwenda." Nikafikiri kwamba kwa kioo kikubwa angalau atatambua nyuso zetu sisi tuliobaki.

Niamini, kifaa kile humrudisha mtu mzima utotoni. Ukikilaza, picha inalala nacho. Ukitanua vidole viwili, uso unakua mpaka unaona kovu ulilokwisha kulisahau. Nilikuwa nikiukuza hivyo uso wa mama, katika picha niliyoihamisha kutoka kwenye simu, msichana mmoja alipoketi kando yangu. Alikuwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili hivi, gauni lake limepauka, nywele timtim. Hakunisalimu.

"Binti, kwenu wakubwa hawaamkiwi?"

"Nakusubiri wewe uniamkie," akajibu, bila kejeli yoyote.

Muuza karanga aliyesimama mbele yetu akaangua kicheko. "Mchape huyo, mama! Watoto wa siku hizi hata bibi zao wanawaambia 'mambo vipi'!"

Msichana hakumjali. Macho yake yalikuwa kwenye kioo. "Amezeeka hivi! Bado anafumba macho akivuka daraja?"

Nani alimwambia? Ni kweli mama hufumba macho kila avukapo Mkondoa, lakini hilo tunalijua sisi wa nyumbani tu. Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi udadisi ulinishinda. Nikamuuliza anatoka wapi.

"Nipige picha kwanza."

Nikampiga. Akajitazama, akakigusa kioo kwa ncha ya kidole kama anayepima joto la uji, akasema, "Mpelekee." Mara gari letu likaitwa. Nikainama kuchukua mfuko wangu, na nilipoinuka hakuwepo. Muuza karanga aliapa kwamba amemwona akipanda gari. Nilipopanda, ndani hakuwemo.

Nilipofika Kilosa nilimpa mama kifaa bila kumweleza lolote, kwa sababu nilitaka kujua, si kumshawishi. Alikisogeza hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Nikaikuza picha. Kisha mama yangu, ambaye mtaa mzima humwamkia yeye, akajifunga khanga yake vizuri, akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Mimi sikusikia jibu. Nadhani yeye alilisikia, maana alicheka kicheko cha kisichana ambacho sijawahi kukisikia maishani mwangu.

Sasa mama haoni kabisa. Hata hivyo, kila jioni hukitaka kifaa kile mapajani mwake, kikiwa kimewashwa. Juzi nilinyoosha mkono nikizime, akanifokea: "Acha, mwanangu! Ndiyo kwanza dada amemaliza kusuka."

Nikatazama. Zile nywele timtim zilikuwa zimesukwa kichwa kizima, mistari myembamba, kwa ustadi.

Picha hiyo sijaifuta, na sina ujasiri wa kuifuta. Ila wewe uliyenunua kishikwambi jana, na furaha ya upya inakufanya umpige picha kila akaaye karibu nawe, nakuonya: muulize mtu ni nani, na anataka kupelekwa kwa nani. Wapo wanaotafuta mtu wa kuwabeba tu. Ukishawafikisha, hutajua pa kuwarudisha.