Gesi Isiyowaka

Jambo zima lilinigharimu shilingi mia na themanini: ada ya chuo, suruali mbili za kaki, viatu vya ngozi nene, na nauli ya basi kutoka Temeke, kwenda na kurudi. Nilihesabu mara mbili, zikatimia zilezile. Hizo ni gharama zangu mie. Za mwenzangu zilikuwa kubwa zaidi, na aliyemtoza ni mimi.

Mwenzangu huyo alitoka bara, mtoto wa mwalimu wa misheni, mrefu, mpole, mkarimu kiasi cha kuudhi. Mie ni mtoto wa duka. Nimekulia nyuma ya mizani, na sijawahi kupewa kitu cha bure nisikigeuze kutazama kimeoza upande gani. Tulikutana chuo cha ufundi, tukijifunza kuchomelea vyuma, tukapangiwa meza moja. Mwaka wa kwanza tulichomelea kwa vijiti vya chuma vinavyoyeyuka kwa umeme, na tulikuwa sawasawa, yaani wabovu wote wawili. Ukimaliza mshono unagonga magamba kwa kinyundo, na chini yake unaikuta aibu yako. Nilimpenda sana mwaka ule.

Mwaka wa pili, katikati ya masika, ikaja mashine mpya. Waya ulitoka wenyewe kwenye mpini wake, tuliouita bastola, na gesi ikatoka pamoja nao kutoka kwenye mtungi uliosimama pembeni. Hakuna kijiti cha kubadilisha, hakuna magamba ya kugonga. Mwalimu wetu, Mwingereza mfupi ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, akasema karakana moja ya bandarini imenunua mashine kama ile na inataka mtu mmoja wa kuiendesha. Mmoja. Mtihani ndio utakaochagua.

Siku ya kwanza tu, mwenzangu aliishika ile bastola kama aliyezaliwa nayo. Mshono wake ulijilaza umejipanga kama ukili wa bibi yangu, na bibi yangu alisuka mikeka maisha yake yote. Wangu ulikwenda kama konokono aliyekunywa tembo. Mwalimu akaita darasa zima lije kutazama. Nikatazama, nikarudi kutazama tena nikitafuta kasoro, nikamchukia kwa sababu sikuiona.

"Nikupe nini unifundishe?" nilimwuliza tulipobaki wawili.

"Unipe nini tena, bwana? Sikiliza inavyokaanga. Ikikaanga kama dagaa, umepatia. Ikianza kutema mate, uko mbali."

"Na hilo ni la bure?"

"La bure."

"Basi kuna lingine unalificha."

Akacheka, akavua glovu zake akanipa, maana zangu zilikuwa zimetoboka. Bado zilikuwa na joto la mikono yake. Wiki nzima nilichomelea nazo, nikisikiliza. Mie nilisikia dagaa wanaoungua.

Sasa ilikuwa hivi. Ukutani mwa karakana ya chuo paliandikwa kwa rangi nyekundu: FUNGUA MADIRISHA KABLA YA KUFUNGUA GESI. Maneno yale yaliandikwa zamani, kwa ajili ya gesi ya kukatia vyuma, ambayo ikijaa chumbani na cheche ikaruka, mnazikwa pamoja. Sie tulikuwa na neno moja tu, gesi, kwa mitungi yote. Na masika ile mvua haikutuachia nafasi ya kufungua dirisha hata siku moja, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza.

Mvua zilipokatika, siku mbili kabla ya mtihani, niliingia peke yangu kufanya mazoezi. Nikafungua dirisha kama ukuta ulivyoamuru. Upepo ukaingia, na mshono wangu ukatoka una vitundu. Mwalimu akapita, akalibamiza dirisha.

"Gesi hii haiwaki!" akasema. "Hii inafunika chuma, hewa isiingie. Upepo unaifukuza. Mtihani, dirisha funga. Waambie wengine."

Niliwaambia wengine. Wote, isipokuwa mmoja.

Siku ya mtihani tuliingia mmoja mmoja, mwalimu akingoja kazi zetu nje; niliingia mimi kwanza, dirisha likiwa limefungwa. Nilipotoka na kipande changu kibaya mkononi, mwenzangu alikuwa mlangoni akijifunga aproni.

"Mbona umefunga dirisha?" akauliza. "Ukutani si wamesema lifunguliwe?"

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Naikumbuka, ilikuwa ndefu kabisa.

"Nilisahau," nikasema. "Una bahati sikulipuka."

"Ungelipuka tungekuzika bila kichwa, ndugu yangu!" Akanipiga begani, akaingia, nikasikia komeo la dirisha.

Alichomelea kwa dakika chache. Alipomaliza alilifunga dirisha tena, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaleta kazi yake. Kwa juu bado ilikuwa ukili, ila umeliwa na wadudu hapa na pale. Mwalimu aliibana kwenye jiliwa, akaipiga nyundo ikavunjika. Ndani ilikuwa kama mkate wa kumimina, vitundu vitupu. Changu kilikuwa kimepigwa mara tano kikakataa kuvunjika.

"Leo mkono wako una nini?" mwalimu akamwuliza.

Mwenzangu akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kama kitu alichouziwa kibovu. Hakumtazama mwingine yeyote.

Nilipata kazi. Yeye alirudisha aproni, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli huku huku Temeke, hatua mia nne na kumi toka kwangu. Nimezihesabu nikienda na nikirudi. Idi yeye huja kwangu, Krismasi mie huenda kwake. Kila mgeni anayetukuta pamoja, mwenzangu humwambia kwa fahari kwamba huyu ndiye fundi, yeye mkono wake ulikataa.

Juzi karakana yetu ilileta mashine ya pili na inatafuta mtu. Nikapita kibandani nikamwambia aombe.

"Mkono huu?" akasema, akiuinua wenye grisi. "Uliniaibisha mbele ya watu mara moja. Yatosha, bwana."

Najua dawa yake ni sentensi moja. Najua pia kwamba nikiisema huenda nikampoteza, na asiponikimbia atakuja kukaa kwenye mashine ya pili, na kabla ya wiki kwisha msimamizi ataita watu waje kutazama mshono wake. Hilo bado linaniuma, na siwafichi. Nafasi haijajazwa. Nyie mnaosoma, wenye busara kunizidi, nishaurini: mtu kama mie aanzie neno gani?