Salamu Zilizomeza Gazeti

Miaka ile ya hali ya hatari, enzi za mkoloni, nilikuwa fundi cherehani pale Mwabungo, na kwa cheo nilichojipa mwenyewe, msomaji wa gazeti. Lilikuja kwa basi kutoka Likoni, gazeti la Kiswahili la watu binafsi, lililothubutu kuiuliza serikali maswali. Baada ya sala ya alasiri wavuvi na wakulima walikaa barazani kwangu nikawasomea. Nilikuwa na sauti nzuri, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Ndipo tukasikia kuwa serikali yataka kupitisha amri: gazeti lisilo na kibali chake lisiuzwe wala lisisomwe hadharani. Mkuu wa wilaya, Mzungu, angekuja kwanza kusikiliza maoni yetu. Kijiji kilinichagua mimi niseme. Au tuseme nilisimama karibu sana nao walipokuwa wakichagua.

Nilijizoeza mbele ya cherehani. Hoja yangu ilikuwa moja, tena nzuri: serikali isiyotaka kuulizwa gazetini, kesho haitataka kuulizwa barazani.

Siku ilipofika nikavaa kanzu ya Idi. Kwetu mtu hasimami mbele ya watu akarukia shauri kama mdai nauli. Nikatoa salamu, nikamswalia Mtume, nikawaomba radhi wazee kwa kusema mbele yao, nikampa mgeni pole ya safari na vumbi. Kisha nikawaombea wagonjwa, nikaomba mvua, nikaiombea serikali busara. Kila dua watu waliitikia amin, na kila amin ilinivimbisha kichwa. Nikaongeza dua ya samaki.

Mkalimani alikuwa akimnong'oneza Mzungu. Mzungu akatazama saa, akasimama, akavaa kofia. Wazee walipomwona mgeni amesimama wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Na Fatiha ikishasomwa, kikao kimefungwa, hakuna wa kuongeza neno. Mimi pia niliinua mikono. Amin yangu ilisikika kuliko zote.

Mkalimani akaja kunishika mkono. Mkuu amefurahi, alisema, kuona tunavyoiombea serikali, naye atapeleka habari kwamba hatuna pingamizi.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Na la gazeti ulilisema wapi?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa nalikaribia. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoumia.

Amri ikapita, gazeti likakoma kuja. Badala yake nikaletewa la serikali, bure, niwasomee watu, kwani mkuu alikuwa ameikumbuka sauti yangu. Alasiri ya kwanza walikuja wote kama kawaida. Nikawasomea habari za usafi wa vyoo, ziara ya gavana na majosho ya ng'ombe, tena kwa madaha, nikalikunja. Hakuna aliyeondoka. Muuza samaki mmoja, mzee aliyezoea kunikatiza kwa maswali, alikohoa kidogo.

"Umetusomea yaliyomo, mwanangu," akasema. "Haya, sasa tusomee na yasiyomo."

Hakuwa akinidhihaki. Alidhani kweli ninayo, nimeyaficha mahali kwa ajili ya usalama, kama ambavyo mtu mwenye akili angefanya. Nikafungua kinywa. Salamu nilikuwa nazo tele. Habari sikuwa nayo hata moja, na wote walikuwa wakiningoja.