Jiwe Juu ya Steki

Harufu ya kitunguu saumu kinachotwangwa pamoja na pilipili manga hunirudisha mara moja kwenye ua wetu wa mtaa wa Naviundu, penye kinu kidogo cha mama na mbabula, jiko letu la makaa lenye mguu mmoja mfupi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijiona mpishi kamili. Mama alizaliwa Pweto, kando ya ziwa, na sikumbuki siku ambayo mikono yake haikunukia samaki. Wabichi aliwatia chumvi mwenyewe hadi wakawa bitoyo, samaki wa chumvi ambao mji wetu wote unawapenda. Kazi hiyo niliijua kuliko somo lolote la shule: unapanga samaki kwenye beseni, unatia konzi nzima ya chumvi kila safu, unaweka jiwe juu, unaondoka. Nyama tulikula mara chache, na steki sikuwahi kuigusa, ila hilo sikumwambia mtu.

Kiangazi hicho papa mukubwa, yaani kaka mkubwa wa baba, alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Kasai. Tangu baba amwoe mama alikuwa amefika kwetu mara mbili, na mara zote mbili alikaa sebuleni, akanywa maji, akasema ameshiba. Kila mtu alielewa. Asiyekula kwa mke wa ndugu yake hajamkubali mke huyo, na baba alinyong'onyea kila jambo hilo lilipotajwa. Safari hii mama aliapa kwamba shemeji yake atakula. Akanunua steki nne nene, na Jumapili asubuhi, akiwa mlangoni kwenda misa ya kwanza, akaniambia, "Utengeneze ile nyama. Nikirudi, tutachoma." Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko umri wangu.

Basi nikaitengeneza. Mama aliporudi alizikuta steki nne zimezikwa kwenye chumvi ndani ya beseni, jiwe la bitoyo juu yake, zikiogelea katika maji yao mekundu. Aliliondoa jiwe, kitambaa chake cha misa kingali kichwani.

"Ii iko nyama, haiko samaki!"

Nililia. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa, kwa sababu nyama nyingine haikuwepo na baba alikwisha kwenda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea mgeni.

"Leka kulia. Leta mayi."

Mama hakuwa mtu wa kubabaika. Bitoyo ikizidi chumvi huloweshwa, basi na nyama italoweshwa. Tulibadilisha maji mara tatu, naye kila mara akichovya kidole na kuonja. Kisha tulikausha steki moja moja kwa kitambaa safi, tukazipaka kitunguu saumu, pilipili manga na mafuta, bila kuongeza hata chembe ya chumvi. Zilikuwa zimepauka na kukakamaa, lakini makaa yalipozishika, harufu yake iliwafanya majirani wachungulie.

Papa mukubwa aliketi, akaitazama sahani kwa muda mrefu, akakata kipande kidogo. Baba aliacha kutafuna.

"Ni nani alitia munyu mu ii nyama?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akajibu bila kupepesa macho, "Ni mutoto yenu, papa. Njo vile tunafanyaka kwetu Pweto."

Uongo mtupu, na alikuwa ametoka misa! Papa mukubwa akakata kipande kingine, kikubwa zaidi. Alikula hadi sahani ikabaki nyeupe, kisha akaisogeza mbele ya mama.

"Belle-sœur, kuko ingine?"

Kabla ya siku ile hakuwahi kumwita shemeji wala kitu kingine chochote. Baba aliinuka, akaenda uani, akarudi na macho mekundu akisingizia moshi wa mbabula.

Leo steki naijua vizuri, na sijisifu bure. Naikausha kwanza, naipaka viungo, na chumvi naitia makaa yakishakuwa mekundu. Binti zangu huinunua ikiwa imekwisha kukolezwa dukani kwa unga wa kwenye pakiti, nami huwacheka waziwazi. Baba ametutoka. Papa mukubwa amezeeka, lakini kila akishuka Luano anakuja moja kwa moja kwa mama, na kabla hata ya kuketi anaulizia nyama ya Pweto, ambayo huko Pweto hakuna anayeijua. Vidole vya mama havikunjiki tena sawasawa, kwa hiyo kazi ni yangu. Yeye huketi karibu na beseni, ananitazama nikiharibu steki nzuri kwa makusudi, konzi kwa konzi, kisha ananisogezea jiwe.